Mimi Niliyeandikwa Kuwa Ugonjwa

Kitabu cha kliniki cha marehemu mume wangu ni daftari la shule la kawaida, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Alilifunika kwa karatasi ya kalenda ya zamani ili lisichakae. Mimi niliishia darasa la nane, na mwandiko wa madaktari huwashinda hata waliosoma, lakini ukurasa mmoja naujua kama ninavyojua sala. Hapo daktari ameandika kwa kalamu ya bluu kwamba mgonjwa anasikia sauti ya mwanamke akiimba ng'ambo ya kijito, kila jioni, ikimjibu anapopiga ala yake. Chini yake ameandika jina la dawa na kuiongeza.

Mwanamke huyo ni mimi.

Nataka kueleza nilivyoingia katika ukurasa huo na nilivyotoka. Tulimzika mwaka huu kabla ya mvua kuanza. Wanaokuja kunipa pole hukaa wameinamisha vichwa, wananihurumia kwamba niliishi na mtu mgonjwa wa akili. Huwapa chai nikanyamaza, maana mimi si msemaji. Lakini nikinyamaza mpaka mwisho watadhani nyumba ile ilikuwa na huzuni siku zote. Si kweli. Nilicheka humo kuliko nilivyokuwa nimecheka maisha yangu yote ya kabla.

Kwetu ni karibu na Khayega. Wakati huo nilikuwa nimerudi kwa baba yangu baada ya ndoa yangu ya kwanza. Niseme ukweli, nilirudishwa, kwa sababu sikuzaa. Mwanamke aliyerudishwa hutembea pembeni mwa barabara. Baba alinipa kipande cha shamba kando ya kijito, nikapanda mboga za kienyeji, saga, mrenda na kunde, na asubuhi za soko nikawa nauza Khayega. Jioni nilikuwa namwagilia maji. Ng'ambo ya kijito kulikuwa na nepia, majani ya kulishia ng'ombe, marefu kupita kichwa cha mtu, na nyuma ya nepia, boma la watu wawili: mwanamume mmoja asiye na mke, na dada yake mkubwa, mjane mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa.

Mwanamume huyo alipiga shiriri. Shiriri ina uzi mmoja tu. Ni mti uliochongwa ndani ukawa kama kopo, mbele umefunikwa ngozi ya kenge, na hupigwa kwa upinde wa nyuzi za mkonge zilizopakwa utomvu. Anayeijua huifanya iongee. Asiyeijua, utadhani paka kabanwa na mlango. Huyu aliijua. Zamani alikuwa akitangulia mbele ya wapiga isukuti, zile ngoma zetu tatu, katika harusi, matanga, na asubuhi za Jumamosi fahali wanapopelekwa kupigana. Asubuhi moja, fahali akiwa barabarani na watu wamejaa, alisimama katikati ya wimbo akasema ngoma kubwa inamwita kwa jina na kumtukana. Watu walicheka. Kisha waliona uso wake wakaacha kucheka. Alipelekwa hospitali mjini, akakaa huko, akarudi mnene na mkimya. Wapiga ngoma walikuwa wameshapata mtu mwingine wa shiriri. Walipopita kwake walimsalimia kutoka barabarani, mikono mfukoni.

Kwa hiyo alikuwa akipiga peke yake, jioni, nyuma ya nyumba.

Nyimbo zetu zina mwenye kuanza na wenye kuitikia. Hakuna wimbo wa mtu mmoja. Yeye alianza, akafika mahali pa kuitikiwa, akanyamaza. Akangoja kadiri ambayo umati ungeimba. Kisha akaendelea. Mtu wa kwetu hawezi kusikia pengo kama lile na kuendelea na kazi. Ni kama mtu amekunyooshea mkono wa salamu nawe unautazama tu. Jioni ya kwanza nilivumilia. Ya pili pia. Ya tatu nilikuwa nimeinama na kopo la maji, pengo likaja, na sauti ikanitoka yenyewe.

Shiriri ilikatika kidogo. Halafu ikaanza tena, polepole, kama mtu anayejaribu kidaraja kwa mguu mmoja. Ikafika kwenye pengo, nikaitikia tena.

Hivyo ndivyo tulivyoanza, na ilikuwa furaha ambayo sikuwahi kuijua. Alianza kunitegea. Alikuwa akichelewesha mwisho ili niingie mapema, nami nikiingia mapema shiriri ilitoa mlio mfupi wa kunicheka. Nikajifunza kulipiza. Nilikuwa nikiacha pengo lipite kabisa, halafu naingia mahali pasipo pangu, na yeye anapotea. Nilicheka peke yangu nimeshika kiuno katikati ya matuta. Nilianza kumwagilia mboga ambazo hazikutaka maji. Mrenda wangu msimu huo ulioza mizizi, na baba akasema udongo wa pale umechoka.

Sikuwahi kuvuka. Nepia ilinificha, nami nilitaka inifiche. Nilijua maneno yangekuwa mengi: aliyerudishwa na mgonjwa, wameonana. Pia nilidhani anajua kuna mtu. Nani angepigiwa wimbo na kuitikiwa, halafu aulize kama aliyeitikia yupo? Kosa langu la kwanza lilikuwa hilo. Sikujua kwamba kwa mtu ambaye aliwahi kutukanwa na ngoma, sauti isiyo na mwili si jambo la kupokea hivi hivi.

Hilo nililijua sokoni. Dada yake aliuza maziwa karibu na mahali nilipotandika gunia langu. Asubuhi moja alikuja kununua saga kwangu akiwa amenuna.

"Ndugu yangu ameongezewa dawa," akasema. "Zile sauti zimerudi. Sasa imekuja ya mwanamke."

Nilishika fungu la saga nikalifunga upya bila sababu.

"Inasema nini?"

"Inaimba. Tena anasema inaimba vizuri. Nikamwambia, basi huyo ni shetani wa kwaya."

"Na wewe, dada, hujawahi kuisikia?"

"Saa hiyo nakamuanga. Na yule ng'ombe wangu, usipomfungulia redio kwa sauti kubwa, haachilii maziwa. Mimi nitasikia nini? Labda matangazo ya mbolea." Akapokea saga. "Amemwambia daktari mwenyewe. Ndugu yangu hafichi. Daktari akaandika, akaongeza vidonge. Sasa analala mpaka saa nne, mikono inatetemeka kama ya mzee."

Nilipaswa kusema pale pale. Nilikuwa na mdomo, na yeye alikuwa na masikio. Nilimrudishia baki yake nikasema, "Mungu atasaidia."

Nilinyamaza wiki tatu. Sitaki mtu anitetee katika hilo. Nilijiambia nikiacha kuimba sauti itapotea, daktari ataona dawa imefanya kazi, na hakuna atakayejua. Jioni nilienda shambani, nikamwagilia, nikafunga mdomo. Shiriri ilikuwa imepungua mwendo. Upinde ulikwaruza. Na lile pengo lilikuwa refu kuliko zamani, kwa sababu alikuwa akingoja.

Jioni moja aliacha kupiga kabisa. Nikamsikia akisema, si kwa sauti kubwa, kutoka nyuma ya nepia:

"Hata wewe umeenda?"

Nilikaa chini kwenye kunde nikauma leso yangu.

Soko lililofuata dada yake alinunua mboga akiwa amepoa, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema sauti imeondoka, daktari amefurahi. Lakini ndugu yake halali wala hali vizuri. Amesema hawezi kuendelea na chombo kinachomfanya auonee ugonjwa hamu kama mtu anavyomwonea hamu mtu aliyeondoka. Jumapili baada ya kanisa ataichoma shiriri.

"Mwache aichome," dada akasema. "Labda atapona." Lakini hakunitazama aliposema.

Jumapili hiyo sikuingia kanisani. Nilivuka kijito mchana kweupe, viatu mkononi na fungu la saga kwapani, kwa sababu sikujua mtu huenda na nini katika shughuli kama hiyo. Nilipofika langoni, moto wa mabunzi ya mahindi ulikuwa unawaka uani. Yeye alikuwa amesimama na shati lake la kanisa, shiriri mkononi. Dada yake alikuwa ameketi kwenye kigoda akiwa bado na kofia ya ushemasi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yalipotea. Nikafanya kitu pekee nilichokijua. Niliimba kiitikio.

Hakugeuka. Alifunga macho.

"Dada," akasema, "unasikia?"

"Nasikia."

"Usinidanganye."

"Nasikia, ndugu yangu. Ni yule mama mboga wa Khayega. Amesimama langoni na saga, miguu ina matope."

Alifungua macho lakini bado hakunitazama. Alitazama moto. Kisha akasema kitu ambacho sikutegemea. Akamwambia dada yake, "Mwambie aende ng'ambo, nyuma ya nepia. Aimbe kutoka huko."

"Si umemsikia hapa?"

"Mwambie."

Nikashuka tena, nikavuka maji, nikapanda kwenye matuta yangu, nikasimama mahali pangu pa kila siku. Shiriri ikaanza. Pengo likafika, nikaitikia. Ikaanza tena, nikaitikia. Mara ya tatu alinitegea kwa kuchelewesha, nikaingia mapema, na ule mlio mfupi wa kunicheka ukavuka kijito. Nikajua ameamini. Niliporudi bomani dada alikuwa akizima moto kwa maji ya kunywesha ng'ombe, huku akisema kwamba amekuwa mzee kabla ya wakati wake kwa sababu ya watu wawili wajinga.

Mtu angependa kusikia kwamba alinikumbatia. Alinikasirikia. Nilimweleza yote, hata zile wiki tatu ambazo nilijua na nikanyamaza. Aliinua mikono yake mbele yangu nikaiona inavyotetemeka.

"Hivi vidonge ni vyako," akasema. "Mimi nimevimeza wewe ukiuza mboga."

"Ndiyo," nikasema.

Alikaa siku nyingi bila kunisemesha. Kisha alituma neno kwa dada yake: siku ya kliniki, mama mboga aje ashuhudie.

Tulikwenda watu watatu. Daktari alikuwa kijana mpole mwenye kalamu mbili mfukoni. Alifungua daftari akauliza hali.

"Sauti ile nimekuja nayo," mume wangu akasema. Wakati huo hakuwa mume wangu. "Imekaa hapo."

Daktari alinitazama, akamtazama dada, akaweka kalamu chini.

"Mama, wewe ndiye sauti?"

"Ndiyo, daktari."

"Ya ng'ambo ya kijito?"

"Ndiyo. Namwagilianga mboga huko."

"Unaweza kuimba kidogo?"

Nikaimba kidogo, kwa aibu, macho yangu sakafuni. Mlango ulikuwa wazi, na foleni ilikuwa imekaa kwenye mabenchi ya nje. Walipousikia wimbo wa kwao walifanya kama nilivyofanya mimi shambani. Mama mmoja mwenye mgonjwa wake aliitikia, mwingine akaingia, na kabla daktari hajasema kitu korido nzima ilikuwa ikiitikia, wagonjwa kwa waliowaleta. Muuguzi akaja mbio kuuliza kuna nini. Daktari alikuwa amefunika uso kwa daftari, mabega yanatikisika.

Alipotulia alitaka kuukata ule mstari kwa kalamu.

"Usifute," mgonjwa wake akasema. "Andika chini."

Daktari akaandika. Mpaka leo pameandikwa, chini ya maneno yanayoniita ugonjwa, kwamba sauti imeletwa kliniki na ni ya kweli. Akarudisha dawa kwenye kipimo cha mwanzo. Alisema kwa uzito, akitutazama wote watatu, kwamba ile ya mwanzo isiachwe. Sauti ya mwanamke ilikuwa kosa. Ngoma zile hazikuwa kosa.

Tulisikia. Tulitoka tukicheka, dada akatununulia mandazi, nami nikadhani mambo yamekwisha.

Sikuwa nimefikiria kile ambacho yeye alikuwa anakifikiria. Mtu akiambiwa sauti si ya kweli, kisha sauti ije na miguu yenye matope na fungu la saga, atauliza swali moja tu. Na zile nyingine? Aliuliza kimya kimya. Akaacha vidonge, vyote, bila kumwambia mtu. Nilimwona akichangamka, mikono imetulia, shiriri inaruka. Nilifurahi. Nilikuwa ninavuka sasa kila jioni, na dada akitukaripia kwamba tunamharibia ng'ombe masikio. Kwa wiki kadhaa nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote wa Khayega, na kumbe nilikuwa natazama mtu anayeteremka.

Asubuhi moja dada alikuja kwa baba bila kofia wala salamu. Kitanda kilikuwa kitupu, vidonge vimejaa kwenye soksi chini ya godoro. Mwendesha boda boda mmoja alituambia amempeleka njia ya Shinyalu, akamshusha msitu unapoanzia. Alikuwa na shiriri, hakuwa na viatu. Alikuwa amemwambia kwamba anakwenda kuwaona wapiga ngoma.

Tulikwenda. Goti la dada lilimshinda pale njia inapoingia chini ya miti. Alinishika mkono kabla hajaniachia.

"Akikuuliza kama unasikia, mwambie unasikia," akasema. "Mkubalie, umrudishe polepole. Usibishane naye."

Nilimpata si mbali, amekaa juu ya mzizi mkubwa karibu na maji, shiriri magotini. Miguu ilikuwa imechanika. Hakushtuka kuniona.

"Nyamaza," akasema. "Wanapiga."

Nilikaa kando yake. Juu yetu mbega walikuwa wakiruka. Hondohondo alipita, mabawa yakivuma kama nguo inayokung'utwa. Maji yalikuwa yakipita kwenye mawe. Nilisikiliza kwa bidii kuliko nilivyowahi kusikiliza kitu chochote. Nilitaka ziwepo, Mungu anisamehe. Kama zingekuwepo, tungerudi nyumbani tukiwa wazima wawili.

"Unasikia?"

Uongo wa dada ulikuwa tayari mdomoni mwangu, na ulikuwa uongo wa upendo. Nilijua nikisema ndiyo atanipenda zaidi dakika ile, na labda atanifuata. Nilijua nikisema hapana anaweza kuingia ndani ya msitu nisimwone tena. Lakini nilikumbuka ile mikono yake. Mara moja nilikuwa nimeyaacha masikio yake peke yake ili mimi nisiaibike. Nisingeweza kufanya hivyo mara ya pili ili mimi nisiogope.

"Sisikii," nikasema.

"Hata ile kubwa?"

"Hata ile kubwa. Nasikia mbega. Nasikia maji. Ngoma sisikii."

"Wewe pia walisema haupo."

"Walisema sipo kwa sababu nilijificha. Kosa lilikuwa langu, masikio yako yalikuwa sawa. Ngoma hizi sikuzificha mimi. Zingekuwepo ningekuambia, hata kama zinakutukana."

Alifuta tope kwenye ngozi ya shiriri.

"Zinanitukana kweli," akasema mwishowe.

"Zinasemaje?"

Aliniambia. Siwezi kuandika. Nilisikiliza mpaka mwisho, nikafikiri kidogo, nikamwambia nilichofikiri.

"Hayo matusi hayana hata mpangilio. Wapiga isukuti wa kwetu wakikutukana, wanakutukana kwa mdundo."

Alinitazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Kona ya mdomo ikasogea. "Ni kweli," akasema. "Hawa wanapiga vibaya." Akaanza kucheka, kisha akalia, kisha akanyoosha mguu mmoja ili nione ulivyochanika, kama mtoto. Nilichana leso yangu nikamfunga. Tulitoka tukitembea polepole, na dada alipotuona alikaa chini barabarani akamshukuru Mungu, halafu akamtukana ndugu yake kwa mdundo mzuri kabisa.

Alilazwa wiki kadhaa. Alipotoka tuliwekeana sharti moja, na kwa sharti hilo tulioana. Yeye anaweza kuuliza "Unasikia?" saa yoyote, mahali popote, nami nitajibu kile ambacho masikio yangu yamepata. Sitaongeza kwa huruma wala kupunguza kwa hofu. Naye ataendelea kumeza vidonge.

Wapiga isukuti walikuja kwenye harusi. Nadhani waliona haya. Alitangulia mbele yao na shiriri, na walipofika pengo la kwanza umati wote ulifunga mdomo. Walikuwa wamepanga na dada. Nilikuwa nyuma ya jiko, nimevaa gauni, nikihakikisha kwamba ingokho, kuku wa kwetu, inatosha kwa wageni wa kanisa. Nikasikia kimya kile. Nikaitikia kutoka nyuma ya jiko, mwiko mkononi, na watu wakapiga kelele mpaka ng'ombe akakata kamba.

Baada ya hapo swali lile likawa chumvi ya nyumba yetu. Kanisani, mahubiri yakiwa yamepoa, aliniinamia: "Unasikia?" Nami: "Nasikia. Ni tumbo la dada yako." Dada akituita kutoka zizini twende kumshikia ng'ombe, aliniuliza kwa uso mzito kabisa, "Mama mboga, unasikia mwanamke anayeita?" Nikisema sisikii, aliinua mikono: "Basi ni ugonjwa. Tukae." Dada alikuja na fimbo.

Sitasema kila siku ilikuwa hivyo. Mara mbili alirudi wodini. Dawa zilimnenepesha na kumsinzisha. Kuna siku hakutaka kuoga wala kuongea. Mara moja alinifungia nje mvua ikaninyeshea, kwa sababu ngoma zilimwambia mimi siye mke wake. Siku ile niliimba kiitikio dirishani mpaka akafungua. Na nyakati nyingine aliniuliza "Unasikia?" na sikusikia, nikamwambia hivyo, nikaona inavyomuuma. Alikuwa akisema "Asante" kila mara. Hata mara moja hakuacha kusema asante.

Kifua ndicho kilichomchukua. Wiki mbili hospitalini, basi. Kichwa chake kilikuwa sawa mpaka mwisho. Alikufa akijua yupi yupo na yupi hayupo, na hicho ndicho alichokuwa amekitaka maisha yake yote.

Jioni moja baada ya matanga kuisha nilikuwa zizini na dada. Yeye alikuwa akikamua, redio ikipiga kelele. Mimi nilikuwa nimeegemea mlango. Nikaisikia shiriri. Ilitoka nyuma ya nyumba, mahali pake, wimbo ule wa kwanza, na upinde wake ninaujua.

"Mulamwa," nikasema, "unasikia?"

Hivyo ndivyo tunavyoitana sasa, mulamwa, kama mawifi wa kwetu. Alinitazama kwa makini. Aliachia kiwele, akanyoosha mkono akazima redio. Ng'ombe akapiga teke ndoo. Dada alisikiliza kwa uso wote, mdomo wazi kidogo, kama nilivyosikiliza mimi msituni. Nilimwona anavyotaka kunipa jibu nililolitamani. Ni yeye aliyenifundisha siku ile nikubali, nirudishe polepole.

"Sisikii, mulamwa," akasema. "Nasikia nepia na upepo. Shiriri, hapana."

"Asante," nikasema.

Na nilishukuru kweli. Nilijua nilipo. Lakini wimbo ulikuwa umefika kwenye pengo, na mimi ni mtu wa kwetu, kwa hiyo niliitikia. Dada alingoja nimalize. Kisha naye, kwa ile sauti yake ya kanisani isiyojua kushuka, akaitikia pia.

Ng'ombe hakuachilia maziwa jioni ile. Tulikunywa chai ya rangi, na dada alinilaumu mpaka ikaisha birikani.